PSP Haiwaki, Haichaji au Haifungui Gemu: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Tatizo

Wanaokwama na PSP ya zamani, kile kifaa cha Sony cha kuchezea gemu mkononi, hukwama mahali palepale. Kifaa kimegoma kuwaka, mwenyewe ananunua betri mpya. Betri haisaidii, anatafuta bisibisi. Jioni ana PSP iliyogoma, utepe uliochanika na skrubu mbili ambazo hajui zilitoka wapi. Alichokosa ni mpangilio: kujua kipi kipimwe kwanza, na kipimo hicho kinamwondoa mshukiwa gani.

Kwa hiyo fuata hatua kwa namba zake. Tunaanzia umeme unakoingia, tunaufuata hadi kwenye betri, kisha programu, memori kadi, diski, na mwisho kabisa vitufe na kioo. Hatua saba za mwanzo hazihitaji kufungua kifaa. Usizidharau.

## Kwanza jua PSP yako ni ipi

Mwongozo huu ni wa PSP 1000, 2000 na 3000. Namba imeandikwa kwenye stika ya nyuma au ndani ya kijumba cha betri, na tarakimu ya mwisho hubadilika kufuata nchi ilikouzwa, kwa mfano 1004 au 3001.

Stika ikiwa imefutika, tazama umbo. PSP 1000 ni nene, na mlango wake wa diski hufunguliwa kwa swichi ya juu iliyoandikwa OPEN. 2000 na 3000 ni nyembamba. Hizo mbili utazitofautisha kwa kitufe cha chini ya kioo upande wa kushoto: kikiwa kimeandikwa HOME ni 2000, kikiwa na nembo ya duara ya PS ni 3000.

PSP Go na PSP Street (E1000) hazina betri ya kuchomoa kwa kidole, kwa hiyo vipimo vya betri vya humu haviwafai wenye nazo. Ya memori na ya programu mengi yanafaa, ila Go hutumia kadi ndogo zaidi aina ya M2 na haina diski kabisa.

## Vitu vya kuandaa

- Chaja ya volti 5. Ya PSP 1000 imeandikwa ampea 2. Ya 2000 na 3000 ampea 1.5. Plagi ni ileile, ya duara yenye ncha ya njano, na zinabadilishana bila madhara.
- Mita ya kupimia umeme. Ya kidijitali ya bei ya chini inatosha.
- Spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa ina maji mengi. Itumie kwa pini za nje tu, na uiache ikauke vizuri.
- Pamba za masikio na kifutio cheupe cha penseli.
- Waya wa USB mini, ule wa kamera za zamani. Hakikisha unapitisha data na si chaji peke yake.
- Kompyuta au laptopu.
- Bisibisi ndogo ya nyota, saizi 00, kibano, na karatasi nyeupe. Hivi viweke mbali hadi Hatua ya 8.

## Hatua ya 1: Ivue kila kitu

Toa chaja, betri, memori kadi, diski na earphone. Iache hivyo dakika tano.

Sababu ni mbili. Umeme uliobaki ndani ya bodi unaisha, na PSP iliyoganda huanza upya. Ya pili ni kwamba kila kitu ulichokitoa ni mshukiwa, na utakavyokuwa unakirudisha kimoja kimoja, mwenye kosa atajitaja.

Kabla ya kuendelea, tazama swichi ya kuwashia upande wa kulia. Ukiisukuma juu na kuiachia, PSP inawaka. Ikiwa imesukumwa chini iko kwenye HOLD, na vitufe vyote vinakuwa bubu hata kama kifaa kinafanya kazi vizuri. Malalamiko ya "vitufe vyote vimekufa kwa mpigo" mara nyingi huishia hapa. Vitufe kumi na kitu haviwezi kuharibika siku moja.

## Hatua ya 2: Pima chaja, usiiamini taa yake

Chomeka chaja ukutani. Weka mita kwenye volti za DC, ingiza ncha nyekundu ndani ya tundu la plagi na ncha nyeusi uiguse ubavu wa nje.

Matokeo mazuri: mita inasoma 5 au kidogo juu yake, na namba haichezi ukikunja waya taratibu karibu na plagi. Ikicheza, waya umekatika ndani, na hiyo ndiyo chaja yako "inayochaji ukiishika kwa pembe fulani".

Ikisoma sifuri, chaja imekufa. Ikisoma na alama ya kutoa, ama umegeuza ncha za mita, ama chaja ni ya kifaa kingine yenye chanya na hasi zilizobadilishana. Usiichomeke.

Onyo: plagi inayoingia kwenye tundu si ushahidi kwamba chaja ni sahihi. Ziko chaja za volti 9 na 12 zenye plagi ya umbo hilohilo. Ukiichomeka moja, fyuzi ndogo iliyoko ubaoni hukatika papo hapo ikijitahidi kuokoa kilichobaki. Soma maandishi ya chaja kila mara, hasa ukiazima.

Vilevile, ule waya unaotoka USB kwenda kwenye plagi ya njano unategemea kichwa ulichouchomeka. Kichwa cha miliampea 500 kinaweza kuwasha taa ya chungwa na bado kikashindwa kubeba PSP. Tumia cha ampea 2.

Na kuhusu USB ya kawaida, ile ya juu ya kifaa: PSP 1000 haichaji kwa USB hata kidogo. 2000 na 3000 huchaji, lakini zikiwa zimewashwa, zimeunganishwa na kompyuta, na USB Charge imewekwa On kwenye System Settings. Betri ikishakauka kabisa, USB haitakusaidia. Wengi huiacha PSP usiku kucha kwenye chaja ya simu kwa njia hii, asubuhi wanatangaza msiba.

## Hatua ya 3: Washa bila betri

Hiki ndicho kipimo kikuu cha mwongozo mzima. PSP 1000, 2000 na 3000 hufanya kazi kwa chaja peke yake, betri ikiwa mezani.

Betri, kadi na diski zikiwa bado nje, chomeka chaja iliyofaulu Hatua ya 2. Sukuma swichi juu, uiachie.

Yatatokea mojawapo ya haya:

Inawaka hadi kwenye menyu. Bodi ni nzima, kioo ni kizima, programu ni nzima. Tatizo lako ni betri au kitu kimojawapo ulichokitoa. Nenda Hatua ya 4.

Taa ya kijani inawaka, kioo kinabaki cheusi, baada ya muda inazima. Umeme unafika. Tatizo linaelekea kwenye programu, au kwenye kioo. Nenda Hatua ya 5.

Hakuna taa yoyote. Umeme hauingii. Chezesha plagi ndani ya tundu kwa upole. Ikiwaka sekunde moja na kuzima, tundu limelegea. Kwenye 2000 na 3000 tundu hilo ni kipande cha peke yake chenye nyaya fupi, na kubadilisha si kazi kubwa. Isipoonyesha dalili yoyote, chungulia kwa tochi ndani ya tundu: vumbi lililogandamana na kutu ya kijani vinaonekana kwa macho. Safisha kwa pamba nyembamba yenye spiriti, subiri ikauke, jaribu tena. Ikigoma bado, mshukiwa ni fyuzi au bodi. Ruka hadi Hatua ya 10.

Onyo: ukiwa huna betri ndani, usihifadhi gemu, usifomati kadi, na kamwe usisasishe programu. Umeme ukikatika au plagi ikiteleza, PSP inazimika katikati ya kuandika, na hapo ndipo kifaa kizima kinapogeuka kuwa tofali.

## Hatua ya 4: Betri

Anza na macho. Ilaze betri kwenye kioo cha meza. Ikiyumba au kuzunguka kama pia, imevimba. Dalili nyingine ni mfuniko wa betri kugoma kufunga, au mlango wa diski kuanza kuinuka.

Onyo: betri iliyovimba haitobolewi, haibanwi irudi, haichajiwi hata "mara moja ya kujaribu". Ndani yake kuna gesi inayowaka. Itoe, iweke mahali pakavu mbali na watoto na vitu vya kuungua, na uipeleke wanakopokea taka za elektroniki au kwa fundi anayezikusanya. Usiitupe kwenye takataka zinazochomwa.

Kama haijavimba, safisha pini. Kwa wakaaji wa pwani hili ni kosa la kawaida kabisa: hewa ya chumvi hujenga utando kwenye shaba usioonekana vizuri, na umeme unapita kwa shida. Sugua pini za betri kwa kifutio, kisha pangusa kwa spiriti. Pini za ndani ya kijumba zisugue kwa pamba tu, kwani ni za springi na zikikunjika hazirudi sawa.

Sasa pima. Betri ina pini tatu: za pembeni ni chanya na hasi, ya kati ni ya mawasiliano na PSP. Weka ncha za mita kwenye zile za pembeni.

- Volti 4.1 hadi 4.2: imejaa.
- Karibu 3.6 hadi 3.9: ina chaji ya kutosha kuwasha.
- Chini ya 3: imekauka.
- Sifuri kamili: kinga ya ndani imekata, au betri imekufa.

Iliyokauka ambayo haijavimba, irudishe kwenye PSP na uichaji kwa chaja ya ukutani ukiwa karibu nayo. Taa ya chungwa inaweza kuchelewa kutokea. Ikitokea na kutulia, iache ijae. Betri nzima huchukua takriban saa moja na nusu hadi mbili na nusu kutegemea modeli, kisha taa inazima yenyewe. Ikipata joto la kukufanya uondoe mkono, chomoa hapo hapo.

Matokeo mazuri: ukiwasha na kuchomoa chaja, PSP haizimi. Fungua Settings, System Settings, kisha Battery Information. Asilimia zishuke polepole unapocheza. Zikianguka kutoka 60 hadi 10 kwa ghafla, betri imechoka hata kama inajaa.

Ukinunua mpya: ya PSP 1000 halisi ni miliampea-saa 1800, ya 2000 na 3000 ni 1200. Betri ya umbo lilelile iliyoandikwa 3600 inakudanganya mchana kweupe, kwani nafasi ya kubeba umeme huo haipo ndani yake. Chukua inayotaja namba ya kiasi. Na ile nene ya 1000 usiilazimishe kwenye PSP nyembamba. Itafanya kazi lakini mfuniko wa kawaida hautafunga.

Betri ikikaa nje muda mrefu, PSP itakuuliza upya tarehe na saa. Hilo si tatizo, jaza tu.

## Hatua ya 5: Taa ya kijani, kioo cheusi

Kwanza thibitisha kama kioo ndicho kilichokufa. Ingia chumba chenye giza, washa PSP, kisha mulika kioo kwa tochi kwa ubavu. Ukiona kivuli cha menyu, picha ipo, mwanga wa nyuma ndio umekufa. Nenda Hatua ya 9. Ukisikia mlio wa kuwaka lakini huoni kitu, ni hukohuko.

Kama hakuna kivuli wala mlio, tunashughulika na programu.

Hakikisha memori kadi iko nje kweli. PSP nyingi za mitumba zimewekewa programu iliyobadilishwa, na viongezo vyake hukaa kwenye folda ya SEPLUGINS ndani ya kadi. Kiongezo kimoja kibovu kinaweza kuzuia kifaa kizima kuwaka. Ikiwaka kadi ikiwa nje na kugoma ikiwa ndani, ingiza kadi kwenye kompyuta, badilisha jina la folda hiyo liwe chochote kingine, jaribu tena. Ikiwaka, umemkamata.

Kwa yenye programu iliyobadilishwa, jaribu pia kushikilia kitufe cha R wakati wa kuwasha. Ikifunguka menyu ya uokoaji, zima viongezo vyote humo.

Ukipata kioo cha bluu chenye maandishi ya lugha nyingi yanayosema mipangilio imeharibika, usiogope. Bonyeza kitufe cha mduara kama kinavyoelekeza. Utapoteza lugha, jina na rangi ulizochagua, lakini magemu na seva zako (yaani michezo uliyohifadhi ulipofikia) viko kwenye kadi, haviguswi. Baada ya hapo chaji betri ijae kabla ya kufanya lolote jingine, kwa sababu uharibifu huu huja mara nyingi baada ya PSP kuzimika ghafla.

Isipotoa chochote zaidi ya taa ya kijani inayozima, programu ya ndani imeharibika. Kuirudisha kunahitaji betri maalumu ya kuingia hali ya huduma. PSP 1000 na 2000 za mwanzo zinakubali njia ya zamani. 2000 za mwisho na 3000 zina ulinzi ulioikataa njia hiyo. Hii ni kazi ya mtu aliyewahi kuifanya. Ukitaka kujifunza, jifunzie PSP ambayo hutaililia.

## Hatua ya 6: Memori kadi

Hapa ndipo maswali ni mengi kuliko kwingine kote, na hapa ndipo watu hutupa pesa.

PSP hutumia Memory Stick PRO Duo. Siku hizi wengi hutumia adapta ya kuingizia microSD, na hakuna ubaya. Ubaya uko kwenye adapta yenye nafasi ya kadi mbili. Hiyo huzigawia kadi zote mbili data kama kitu kimoja, moja ikiyumba yote yanapotea. Nunua ya nafasi moja.

Kabla ya chochote, nakili folda ya PSP/SAVEDATA kwenye kompyuta. Humo ndimo zilimo seva zako zote. Magemu utayapata tena. Saa zako za kucheza hazirudi.

Kisha fanya hivi:

Safisha pini za adapta kwa kifutio, ingiza microSD hadi igonge, ingiza adapta kwenye PSP. Taa ya memori ipepese kidogo. Isipopepesa kabisa, jaribu kadi nyingine ndogo, hata ya GB 4, kabla ya kuilaumu PSP.

Ikiisoma lakini inasema haikufomatiwa, sababu kubwa ni mfumo wa kupanga mafaili uitwao exFAT. Kadi za zaidi ya GB 32 huja kiwandani kwa mfumo huo, na PSP haiujui. Usihangaike na kompyuta: nenda Settings, System Settings, Format Memory Stick. PSP itaifomati kwa FAT32 inavyoipenda yenyewe. Hii inafuta kila kitu, ndiyo maana tumenakili kwanza.

Onyo: usichomoe kadi taa ya memori inapopepesa, hata kama kioo kinaonekana kimetulia.

Baada ya kufomati, unganisha USB, chagua USB Connection, na ufungue kadi kwenye kompyuta. Programu ndogo na magemu yenye faili la EBOOT.PBP hukaa ndani ya PSP/GAME, kila moja kwenye folda yake. Mafaili ya ISO na CSO (nakala za diski za magemu) hukaa kwenye folda iitwayo ISO ambayo unaiunda mwenyewe nje, yaani mwanzoni mwa kadi. Ukiiweka ndani ya folda ya PSP, hayaonekani, na hili peke yake limewaliza wengi.

Kadi ikiwa mpya na bei yake ilikufurahisha, ipime kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac. Kadi bandia husema GB 64 huku ndani ina 8, na hujulikana pale faili la tisa linapofuta la kwanza.

Matokeo mazuri: unahifadhi gemu, unazima PSP kabisa, unawasha, seva ipo.

## Hatua ya 7: Gemu linaonekana lakini halifunguki

Kosa maarufu kuliko yote ni namba 80020148. Wenye PSP za mitumba hukutana nalo hivi: walinunua dukani, ilicheza wiki nzima, wakatoa betri kuisafisha, na tangu hapo hakuna gemu linalofunguka. Wanadhani wameua kitu.

Hawajaua chochote. Muuzaji aliweka programu iliyobadilishwa ya muda, ambayo hukaa kwenye kumbukumbu ya kufanyia kazi tu. PSP ikilala, inabaki. Ikizimwa kabisa au ikitolewa betri, inafutika, na PSP inarudi kwenye programu yake halisi ambayo haitambui mafaili yasiyo na sahihi ya kiwanda.

Dawa ni kuiwasha upya programu hiyo ya muda. Ingia Game, Memory Stick, tafuta ikoni ya kuipakia: kwa programu iitwayo PRO ni Fast Recovery, kwa iitwayo ARK ni ARK Loader. Ifungue mara moja, PSP itarudi kwenye menyu, na magemu yatafunguka. Tangu hapo ukimaliza kucheza sukuma swichi mara moja tu ilale, badala ya kuishikilia hadi izime.

Kama ikoni hiyo haipo, huenda uliifuta ulipofomati. Angalia toleo lako kwenye System Information kabla ya kupakua chochote. La mwisho kutolewa ni 6.61, na kifurushi cha 6.60 si cha 6.61.

Gemu moja tu likigoma na mengine yanacheza, faili hilo limeharibika wakati wa kunakili. Linakili upya kutoka kwenye diski yako, na mara hii toa USB kwa utaratibu.

## Diski ya UMD haisomwi

Bado hatufungui kifaa, kwa hiyo hili ni sehemu ya Hatua ya 7.

Fungua mlango utazame diski. Kasha la UMD limeunganishwa kwa vipande viwili, na gundi yake huachia kadiri miaka inavyokwenda. Likiwa limeachama, diski inakwama isizunguke. Lirudishe kwa tone dogo sana la gundi kwenye ukingo, uliache wazi usiku kucha kabla ya kuliingiza. Mvuke wa gundi mbichi huweka ukungu mweupe kwenye jicho la leza.

Jicho hilo ni lenzi ndogo unayoiona mlango ukiwa wazi. Lipanguse kwa pamba iliyonyevuliwa spiriti, isiyodondosha, bila kukandamiza. Subiri dakika kumi.

Sikiliza unapofunga mlango. Ikizunguka na kushindwa kusoma, ni lenzi au mikwaruzo. Jaribu diski nyingine. Isipozunguka kabisa, tazama kama mlango umepinda, maana kuna swichi ndogo inayoiambia PSP kwamba mlango umefungwa. Bonyeza mlango kwa kidole huku imewashwa. Ikianza kuzunguka, umepata jibu.

Filamu za UMD zina mipaka ya kanda, magemu hayana. Filamu ya Marekani kugoma kwenye PSP ya Ulaya si ubovu.

## Hatua ya 8: Kuifungua

Fungua tu kama tatizo ni kitufe, analogi (kile kidude cha duara cha kuelekezea kwa kidole gumba), kioo au tundu la chaja.

Toa betri kwanza, daima. Gusa chuma kilichoshikana na ardhi, kama bomba la maji, kuondoa umeme tuli. Chora umbo la PSP kwenye karatasi nyeupe, na kila skrubu uichomeke kwenye mchoro mahali ilipotoka. Urefu wake haulingani, na ndefu ikiingizwa pasipo pake hutoboa bodi. Baadhi zimejificha ndani ya kijumba cha betri chini ya stika. Kava likigoma kutoka, kuna skrubu uliyoisahau, usitumie nguvu.

Nyaya bapa za utepe hushikwa na kifungio kidogo cha plastiki. Kiinue kwa ukucha kabla ya kuvuta utepe.

## Hatua ya 9: Vitufe, analogi na kioo

Kitufe kinachogoma kimoja: toa mpira wake, safisha mpira na utando wa saketi ulio chini kwa spiriti. Jasho na soda ndivyo utakavyovikuta hapo.

Analogi inayojisogeza yenyewe huwa na vumbi, au kipande cha mpira kinachopitisha umeme kimesogea. Kisafishe na ukirudishe sawasawa. Ikiendelea, badilisha analogi nzima. Hakuna menyu ya kuirekebisha.

Kioo chenye madoa ya wino au nyufa hubadilishwa tu. Cha 1000, 2000 na 3000 haviingiliani, taja modeli yako unaponunua. Kioo kizima kisicho na picha, chomoa utepe wake, usafishe, urudishe, ufunge kifungio. Utepe ulioingia kwa mshazari unatosha kuleta giza.

## Sauti na Wi-Fi, kwa ufupi

Hakuna sauti: bonyeza kitufe chenye alama ya noti ya muziki, huenda imezimwa. Kisha ingiza na kutoa plagi ya earphone mara kadhaa, kwani PSP inaweza kudhani bado imo.

Wi-Fi: hakikisha swichi ya WLAN imewashwa. Kati ya aina za ulinzi wa nenosiri la Wi-Fi, PSP inajua WEP na WPA tu, haijui WPA2, na inataka masafa ya 2.4 GHz. Ndiyo maana inaiona hotspot ya simu yako na kukataa kuingia. Ukiwa na ruta inayoruhusu mtandao wa wageni, weka huo kwa WPA. Kucheza na mtu aliye karibu, tumieni Ad Hoc, yaani PSP kwa PSP bila ruta, na nyote mchague chaneli moja.

## Hatua ya 10: Ukienda kwa fundi

Mweleze ulichopima, badala ya "imekufa tu": chaja inatoa volti ngapi, inafanya nini bila betri, taa ipi inawaka kwa muda gani. Atakwenda moja kwa moja kwenye fyuzi au tundu bila kuipapasa PSP nzima, nawe hutalipia utafiti uliokwisha kuufanya.

Betri na memori kadi baki nazo nyumbani, isipokuwa akizihitaji. Muulize fyuzi iliyokatika ataibadilisha kwa nini. Jibu sahihi ni fyuzi nyingine ya kiwango kilekile. Akisema ataunganisha kwa waya na "itapiga kazi", chukua PSP yako uondoke, kwani siku chaja mbaya itakapochomekwa tena, kitakachoungua ni bodi.